Kalsiamu: jinsi damu inavyokopa kutoka kwenye mifupa

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya madini ya kalsiamu. Asilimia 99 ya madini hayo imo katika mifupa na meno. Inayobaki ni kidogo mno, na ile inayozunguka katika damu haifiki hata nusu gramu, yaani kiasi cha chumvi inayoshikika kwa ncha za vidole viwili. Hata hivyo ni hicho kidogo, wala si ile kilo nzima, ambacho mwili hukilinda usiku na mchana bila kupumzika.

Sababu ni kwamba kalsiamu haikuumbwa kwa ajili ya mifupa peke yake. Bila ya madini hayo msuli haukunjuki wala haukunji, ujumbe hauvuki kutoka mshipa mmoja wa fahamu kwenda mwingine, na damu ya jeraha haigandi. Kiwango chake katika damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya milimoli 2.2 na 2.6 katika kila lita, na nafasi ya kupanda au kushuka nje ya hapo ni finyu. Kikishuka sana, mishipa ya fahamu hushtuka ovyo: mtu huhisi kuchomwachomwa mdomoni na kwenye vidole, mikono hukakamaa, na mtoto mchanga aweza kupatwa na degedege. Kikipanda sana, kiu haiishi, choo huwa kigumu, mawe hujengeka katika figo, na akili huanza kuchanganyikiwa.

Aliyeonyesha uzito wa jambo hili kwa mara ya kwanza alikuwa daktari wa London, Sydney Ringer. Alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuendelea kupiga ndani ya maji yenye chumvi. Mwaka 1883 alieleza kwamba maji yaliyotumika katika majaribio yake ya awali hayakuwa maji halisi ya maabara, yale yanayopatikana kwa kukusanya mvuke, bali yalikuwa maji ya bomba ya mji wa London. Alipotumia maji safi ya mvuke, moyo ulidhoofika na kusimama. Kilichokuwa kimeuweka hai ni kalsiamu iliyomo katika maji ya bomba. Wenzangu tunaoishi katika mji huu, ambao kila wiki tunakwangua magaga meupe ndani ya birika la chai, tumekuwa tukigombana na madini hayo hayo bila ya kujua heshima yake katika historia ya tiba.

Tezi nne shingoni

Mlinzi mkuu wa kalsiamu ni tezi nne ndogo zilizobandikwa nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba hufanya rovu. Huitwa tezi za parathairoidi. Kila moja ina ukubwa unaokaribia punje ya mchele, na kwa udogo wake ilichelewa sana kujulikana. Mtaalamu wa Kiingereza Richard Owen aliiona alipopasua maiti ya kifaru wa India aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1849. Katika mwili wa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, na hakuna aliyemjali sana wakati huo. Kazi yake ilieleweka baadaye, madaktari walipoona kwamba wagonjwa waliokatwa rovu na kuondolewa tezi hizo kwa bahati mbaya walikakamaa na wengine kufa. Mwaka 1909 watafiti wa Marekani, MacCallum na Voegtlin, walionyesha kwamba mkakamao huo hutulia mgonjwa akipewa kalsiamu.

Tezi hizi huonja damu. Juu ya seli zake kuna vipokezi ambavyo hushikwa na kalsiamu inayopita, navyo vilitambuliwa kwa ukamilifu mwaka 1993. Kalsiamu ikiwa ya kutosha, vipokezi hushikwa na tezi hunyamaza. Ikipungua hata kidogo, vipokezi hubaki wazi, na katika muda wa sekunde chache tezi humwaga homoni yake ndani ya damu. Homoni ya parathairoidi haidumu. Baada ya dakika chache nusu yake huwa imekwisha kuvunjwa. Kwa sababu hiyo tezi lazima ziendelee kuitengeneza kila wakati, na amri yake yaweza kuongezwa au kupunguzwa mara moja.

Amri hiyo huenda mahali pawili moja kwa moja, na mahali pa tatu kwa kupitia mjumbe. Kwanza huenda kwenye mifupa. Mfupa si jiwe. Ni kiungo hai ambacho seli za aina moja hukibomoa na seli za aina nyingine hukijenga, hata kila mwaka karibu sehemu moja kwa kumi ya mifupa ya mtu mzima huwa imefanywa upya. Homoni ya parathairoidi huzungumza na wajenzi, nao ndio wanaowaamsha wabomoaji. Mfupa huyeyushwa kidogo kidogo, na kalsiamu yake hutiririka ndani ya damu.

Pili, huenda kwenye figo. Kila siku figo huchuja takriban gramu 10 za kalsiamu, na karibu yote hurudishwa katika damu. Inayotoka katika mkojo ni sehemu ndogo tu. Homoni huzidisha urudishaji huo. Wakati huo huo huziamuru figo zitupe fosfeti, madini mengine yanayotoka katika mfupa unapoyeyuka. Jambo hili lina hekima yake, kwani fosfeti ikiachwa ijae katika damu itaishika kalsiamu na kuifanya isitumike. Lakini hekima hiyo ina gharama, na msomaji aikumbuke, kwa sababu tutaikuta tena hapa chini.

Tezi zenyewe zikiasi, mambo huwa mabaya. Kisa kinachosimuliwa zaidi katika vitabu vya tiba ni cha Charles Martell, nahodha wa meli za biashara wa Marekani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu. Katika miaka ya 1920 mifupa yake ilianza kuvunjika kwa sababu ndogo ndogo, mgongo ukapinda, na urefu wake ukapungua kwa kiasi cha sentimita 18. Damu yake ilijaa kalsiamu; mifupa yake ilikuwa ikiliwa. Madaktari walimpasua shingo mara kwa mara wakitafuta tezi yenye uvimbe wasiione. Katika upasuaji wa saba, mwaka 1932, waliikuta kifuani, mbali na mahali pake. Nahodha hakuishi sana baada ya hapo, maana figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika kwa mawe.

Ajabu ni kwamba homoni hiyo hiyo, ikipewa mgonjwa kwa sindano ndogo mara moja kwa siku badala ya kumiminika mfululizo, huimarisha mfupa. Dawa ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa watu wenye mifupa dhaifu.

Vitamini ambayo ni homoni

Mahali pa tatu ni utumbo, na hapo ndipo inapoingia vitamini D. Jina la vitamini limeshazoeleka, lakini kwa kweli halikufaa. Vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kukitengeneza, hukipata katika chakula. Hii ya D mwili huitengeneza wenyewe, ukipata jua.

Ndani ya ngozi kuna mafuta ya jamii ya kolesteroli ambayo, yakipigwa na miale ya urujuanimno, hugeuka kuwa vitamini D. Vitamini hiyo bado haina kazi. Husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza na kuwekwa akiba inayoweza kukaa kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo inayopimwa hospitali. Kisha hufika kwenye figo na kubadilishwa mara ya pili, na ni hapo tu inapokuwa homoni kamili. Mabadiliko haya ya mwisho hufanyika kwa amri ya homoni ya parathairoidi. Ndiye mjumbe niliyemtaja.

Homoni hiyo huufungulia utumbo milango ya kalsiamu. Mtu asiye na vitamini D ya kutosha huweza kunyonya asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo katika chakula chake. Akiwa nayo, hunyonya asilimia 30 hadi 40. Watu wawili waweza basi kunywa maziwa ya jagi moja, mmoja akanufaika mara tatu ya mwenzake.

Uhusiano wa jua na mifupa ulithibitishwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati watoto wengi wa miji ya Ulaya yenye moshi walipokuwa na matege. Mwaka 1919 daktari wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwaponya watoto wa namna hiyo kwa taa ya miale ya urujuanimno. Mwaka huo huo, Edward Mellanby wa Uingereza alikuwa akionyesha kwamba mbwa wanaofungiwa ndani hupata matege kwa chakula cha aina fulani na kupona kwa mafuta ya chewa. Waliokuwa wakibishana, mmoja akisema jua na mwingine akisema chakula, kumbe walikuwa wakisema jambo moja.

Majibu ya kawaida

Dada yangu mkubwa alinifuata London miaka kadhaa baada ya mimi kukimbia nyumbani. Baada ya baridi ya pili alianza kulalamika. "Mdogo wangu," aliniambia, "mifupa inaniuma kama iliyotwangwa." Mapaja yalikuwa mazito, na ngazi alizipanda kwa kushika ukuta. Katika zahanati alikoandikishwa aliambiwa ni baridi yabisi, kisha akaambiwa ni huzuni ya kuwa mbali na kwao, jambo ambalo halikuwa uongo, lakini halikuwa jibu. Alipewa dawa za kutuliza maumivu. Damu ilipimwa, na karatasi ikarudi imeandikwa kwamba kalsiamu ni ya kawaida.

Mimi ni mhariri wala si tabibu, lakini kazi ya uhariri humfunza mtu kulitilia shaka neno "kawaida". Katika suala hili shaka hiyo ina msingi wa kisayansi. Kiwango cha kalsiamu katika damu hakipimi hazina ya mwili. Hupima tu kama walinzi wangali wanafanya kazi. Mtu asiyepata vitamini D hunyonya kalsiamu kidogo. Tezi zake huhisi upungufu na kumwaga homoni. Mifupa huyeyushwa, pengo la damu likazibwa. Karatasi ikija, hesabu ya damu imetimia. Deni limeandikwa kwenye mifupa, na daftari hilo hakuna aliyelifungua.

Na hapa turudi kwenye fosfeti. Mfupa mpya hauwi mgumu kwa kalsiamu pekee. Unahitaji madini yote mawili kwa pamoja. Homoni ya parathairoidi, katika bidii yake ya kuokoa kalsiamu, huendelea kuitupa fosfeti katika mkojo. Wajenzi hutandaza utando wa mfupa kama desturi, lakini madini ya kuukaza hayapo. Kwa mtoto ambaye angali anakua, mifupa hiyo laini hupinda kwa uzito wa mwili, na hayo ndiyo matege. Kwa mtu mzima haipindi, ila huuma, na misuli ya mapaja na nyonga hulegea. Ugonjwa wa dada yangu ulikuwa huo. Daktari mwingine, aliyemuuliza maswali mawili tu, hutoka nje mara ngapi na huvaa nini anapotoka, aliagiza vipimo vya vitamini D na homoni ya parathairoidi. Cha kwanza kilikuwa chini sana, cha pili kilikuwa juu. Alianza vidonge, na baada ya miezi minne aliacha kushika ukuta.

Ua uliobaki nyumbani

Ngozi nyeusi hujikinga na jua vizuri, na kwa ajili hiyo huhitaji jua jingi zaidi ili kutengeneza kiasi kile kile cha vitamini D. Karibu na mstari wa Ikweta hilo si tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 za akiba ya vitamini D katika kila lita ya damu. Nchini Uingereza mtu huhesabiwa kuwa na upungufu anaposhuka chini ya 25, na wako wengi wanaofika huko ifikapo mwisho wa majira ya baridi. Kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la huku hupita chini mno, na miale inayohitajika haifiki ardhini kwa kiasi cha kutosha, hata siku isiyo na wingu. Kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii wakati wowote wa mwaka, kwa kuwa kioo huizuia miale hiyo.

Kuna wanaolilaumu buibui. Sikubaliani nao, angalau si kwa haraka hiyo. Mama zetu wa pwani walivaa buibui njiani, lakini nyumba zao zilikuwa na ua. Uani ndiko walikotwanga, walikofua, walikosukana nywele, mikono na vichwa wazi chini ya jua, bila ya jicho la mgeni. Aliyehamia ghorofani London au Toronto amelichukua buibui na kuuacha ua. Katika nchi za Ghuba, ambako jua haliadimiki, watafiti wamekuta mara nyingi viwango vya chini, hususan kwa wanawake. Joto huwafungia watu ndani penye viyoyozi, na ghorofa za kisasa za huko nazo hazina ua.

Tangu mwaka 2016 serikali ya Uingereza imekuwa ikishauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika miezi ya baridi, na wenye asili ya Afrika au wanaofunika mwili wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Wanaoishi nyumbani wasidhani kwamba jua limemaliza kila kitu. Huko Nigeria, penye jua tele, watoto wamepata matege kwa sababu chakula chao kina kalsiamu haba mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Nafaka kama mahindi huwa na fitati, ambayo huishika kalsiamu utumboni isinyonywe, na mchicha nao una oksalati yenye kufanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, dagaa wanaoliwa na miiba yao, ufuta, na uji wa wimbi, ambao watu wa mjini wameanza kuuona wa kizamani, ni hazina isiyohitaji duka la dawa.

Homoni nyingine

Kitabu cha shule hutaja pia kalsitonini, homoni ya tezi ya thairoidi iliyogunduliwa na Harold Copp huko Kanada katika miaka ya mwanzo ya 1960. Kazi yake ni kushusha kalsiamu. Kwa samaki wa baharini ina umuhimu mkubwa, lakini kwa binadamu mzima mchango wake ni mdogo. Aliyeondolewa tezi yote ya thairoidi huendelea kuwa na kalsiamu sawa na ya wengine, mradi zile nne za nyuma yake zimebaki salama.

Estrojeni ina uzito zaidi. Homoni hii ya kike huwazuia wabomoaji wa mfupa wasipite kiasi. Hedhi inapokoma, kizuizi huondoka, na mwanamke hupoteza mfupa kwa kasi katika miaka michache inayofuata. Bibi anayejikwaa kwenye kizingiti na kuvunjika nyonga mara nyingi alianza kuipoteza nyonga hiyo miaka ishirini kabla.

Mimba na unyonyeshaji vina utaratibu wao. Mtoto huzaliwa na takriban gramu 30 za kalsiamu, zote zimetoka kwa mama, ambaye utumbo wake huongeza unyonyaji karibu mara mbili ili kulipia. Wakati wa kunyonyesha mwili huchukua njia nyingine: titi lenyewe hutoa homoni inayofanana na ile ya parathairoidi na kuchota moja kwa moja katika mifupa ya mama. Kwa kawaida mfupa huo hurudi baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Lakini mama asiyekuwa na vitamini D humzaa mtoto asiyekuwa nayo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hubeba kidogo sana ya vitamini hiyo. Mtoto anayenyonya katika nchi za baridi hupewa matone kwa sababu hiyo.

Hatari ya kupitiliza nayo ipo. Vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 100 kwa siku, sawa na vipimo 4,000 vya kimataifa, isipokuwa kwa amri ya daktari. Chupa zinazouzwa huandika kipimo mara kwa mikrogramu, mara kwa vipimo vya kimataifa, ambapo mikrogramu moja ni sawa na vipimo 40, na nimewaona watu wazima wenye elimu wakizichanganya. Mwenye ugonjwa wa figo ana sababu ya ziada ya kumwona tabibu kwanza: figo zake huenda zisiweze tena kufanya yale mabadiliko ya pili, na vidonge vya kawaida visimfae, akahitaji dawa iliyokwisha kubadilishwa. Na yeyote anayeumwa na mifupa kwa miezi mingi, akaletewa karatasi inayosema kalsiamu ni ya kawaida, ana haki ya kuuliza kama vipimo vile viwili vingine vimefanywa.